Mali ya Shambani Bila Daftari

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliandaliwa chakula mjini Mogadishu, na baadaye akakisimulia kwa makini. Wali ulipikwa kwa samli, ukaletwa pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilipikwa kwa maziwa na kutiwa katika chombo chake. Pembeni kulikuwa na achari ya malimau, ya pilipili na ya embe. Kuhusu embe alieleza kwamba ni tunda linalofanana na tufaha lakini lina kokwa. Likiiva huwa tamu sana na huliwa hivyo hivyo, na kabla ya kuiva huwa kali kama limau, na hapo ndipo watu wa mji ule hulitia katika siki. Katika maneno hayo machache mna mambo matatu ambayo kitabu chochote cha matunda hutakiwa kuwa nayo: sura ya tunda, hatua zake za kuiva, na kazi yake jikoni katika kila hatua. Aliyeyatoa alikuwa mgeni mpita njia. Wenyeji wa Pwani, kuanzia Banadiri hadi Kilwa, waliendelea kupanda na kula matunda hayo karne baada ya karne bila kuyaandikia kitabu chao wenyewe. Ni rahisi kudhani kwamba hawakujali, au kwamba hawakuwa na maandishi. Ushahidi unakataa dhana zote mbili. Sababu kubwa ya Pwani kutokuwa na kitabu cha matunda imo ndani ya mbegu za miti yake: kwa muda mrefu mti wenyewe ulitunza kumbukumbu ambayo kwingineko ilibidi itunzwe kwa kalamu. Hali hiyo sasa imebadilika, na kwa kuwa imebadilika, kitabu ambacho babu zetu hawakukihitaji sisi tunakihitaji.

Tuanze na madai kwamba watu wa Pwani hawakujali bustani. Huyo huyo Ibn Battuta, alipofika Mombasa, alitaja ndizi, malimau, mabalungi ya Kiarabu yenye ganda nene, na tunda linalofanana na zeituni lakini tamu sana, ambalo wengi hulitambua kuwa ni zambarau. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika katika muongo wa pili wa karne ya 16, alisifu machungwa ya Mombasa, matamu na machungu, pamoja na malimau na makomamanga. Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka katika shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama. Aprili 1498 meli zake zilitia nanga Mombasa zikiwa na wagonjwa, na mfalme wa mji akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa shajara aliona kwamba wamepona kwa sababu hewa ya mji ule ni nzuri. Miezi tisa baadaye, Januari 1499, walirudi Malindi kutoka India wakiwa wamezika wenzao wengi baharini kwa ugonjwa wa kuvimba ufizi, ule unaotokana na kukosa matunda na mboga mbichi, na nahodha akatuma mtu nchi kavu awaletee wagonjwa machungwa, kwa kuwa ndiyo waliyoyatamani. Miili yao ilikwisha jifunza jambo ambalo sifa yake kalamu iliipa hewa. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1747 ndipo daktari wa meli James Lind alipowapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau katika jaribio lililopangwa, na hadi 1753 alipochapisha kitabu juu yake. Tukio hili linaonyesha kwamba bustani za Pwani zilikuwa na mavuno ya kutosha kulisha meli za wageni. Linaonyesha pia kwamba matumizi ya tunda yasipoandikwa kwa uangalifu, maarifa hupita mbele ya macho ya watu na kupotea.

Dai la pili, kwamba hapakuwa na maandishi, ni dhaifu zaidi. Kilwa ilikuwa na historia yake iliyoandikwa, ambayo Wareno waliifahamu katika karne ya 16. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate una nakala ya mwaka 1728. Mahakimu na wanazuoni waliandika hati za mauzo, za mirathi na za wakfu, na katika hati hizo miti ilitajwa, kwa sababu katika desturi ya Pwani na Unguja mtu anaweza kumiliki mnazi au mwembe uliosimama katika ardhi ya mwingine. Miti basi iliandikwa, lakini iliandikwa kama mali ya kurithiwa. Wala haikuwa kwamba wasomi wa Kiislamu walidharau kilimo. Katika karne ya 12 Ibn al-Awwam wa Seville aliandika kwa Kiarabu Kitab al-Filaha, kazi kubwa inayoeleza zaidi ya aina 50 za miti ya matunda: udongo unaoifaa, namna ya kuunga tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine, maradhi yake, na sura nzima juu ya kuhifadhi matunda mabichi na makavu. Kiarabu kilisomwa Lamu, Mombasa na Unguja. Kalamu ilikuwapo, wino ulikuwapo, na mfano wa kazi kama hiyo ulikuwapo katika lugha ya wasomi. Kilichokosekana ni haja.

Ili kuiona haja hiyo inapozaliwa, twende Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, nchi ya matufaha na ya kinywaji chao kichachu kiitwacho saida. Tufaha lina tabia ambayo mkulima hawezi kuikwepa: ukipanda mbegu ya tufaha tamu, mti utakaoota hautazaa tufaha lile. Kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, na mtoto huyo ana sura na ladha yake, mara nyingi duni. Njia pekee ya kuwa na mti wa pili wa aina ile ile ni kukata kijitawi na kukiunga kwenye shina jingine, kazi ambayo mabwana shamba wa Tanzania huiita kubebesha. Kwa hiyo aina ya tufaha huishi kwa kupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na anayenunua mche mchanga hawezi kuona tunda lake mpaka miaka kadhaa ipite. Anachonunua kwa kweli ni jina. Jina likikosewa, shamba zima limekosewa, na kosa hilo hugunduliwa wakati umekwisha potea. Ndiyo maana nchi za matufaha zilizaa vitabu mapema. William Lawson alichapisha mwaka 1618 kitabu cha bustani ya matunda kilichofungwa pamoja na kingine cha bustani ya mama wa nyumbani, shamba na jiko katika jalada moja. Mwaka 1664 John Evelyn alitoa Pomona, akieleza miti ya matunda kwa kuihusisha na kinywaji kinachotengenezwa kwayo.

Mwaka 1811 Thomas Andrew Knight alichapisha Pomona Herefordiensis, chenye picha 30 za rangi za matufaha na mapeasi ya saida ya wilaya yake, na katika maelezo akapima hata uzito wa maji ya tunda, kipimo cha sukari iliyomo. Knight aliamini kwamba kila aina ina umri wake, na kwamba vijitawi vyote vilivyokatwa kutoka mti mmoja vitazeeka na kufa pamoja na mti ule. Alikosea, aina alizozilia bado zimo duniani. Lakini hofu yake ilimfanya achore na kueleza kile alichokuwa nacho, na ikamsukuma kuzalisha aina mpya kwa kuchavusha maua kwa mkono. Baada yake, bustani za wilaya zilipozidi kutelekezwa, chama cha wapenda maumbile cha Woolhope kiliianza kazi upya. Kati ya 1876 na 1885 Dkt. Henry Graves Bull na Robert Hogg walitoa The Herefordshire Pomona kwa mafungu saba, nakala 600 tu, yenye matunda 441 yaliyochorwa na wanawake wawili, Alice Ellis na Edith Bull. Marekani ilikuwa na tatizo lile lile kwa kiwango kikubwa zaidi: orodha ya majina ya matufaha iliyotungwa na W. H. Ragan mwaka 1905 ilikusanya zaidi ya majina 10,000, mengi yakiwa majina mawili au matatu ya tunda moja. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliajiri wachoraji kuanzia 1886 hadi 1942, nao wakaacha picha zipatazo 7,500, ambazo watafutaji wa aina zilizopotea huzitumia hadi leo wanapokuta mti mzee usio na jina. Vitabu hivi vyote vilitokana na shida moja. Mti haukuweza kujitambulisha, na mbegu yake haikuweza kuurudisha.

Sasa turudi Pwani tuangalie miti yake. Mbegu ya kawaida ina kiinitete kimoja, kilichozaliwa kwa kukutana chavua na yai. Lakini ndani ya mbegu za chungwa, ndimu na limau, na za aina nyingi za embe zenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia, huota viinitete zaidi ya kimoja, na vile vya ziada hutokana na tishu za mti mama wenyewe bila mchango wa chavua. Mche unaotoka humo ni nakala ya mama yake. Mkulima akitupa kokwa la embe kama hilo nyuma ya nyumba, atapata embe lile lile alilokula. Mgomba hauna hata haja ya mbegu; hutoa machipukizi, na chipukizi ni mgomba ule ule. Mshelisheli huzalishwa kwa machipukizi ya mizizi. Sehemu kubwa ya bustani ya Pwani basi ilikuwa na miti inayojirudia yenyewe, ikibeba sifa zake kutoka kizazi hadi kizazi bila kisu cha kubebesha na bila daftari la majina. Miembe iliyopandwa na wafanyabiashara wa karne ya 19 kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilisafiri ikiwa kokwa mifukoni mwa wapagazi na matajiri wao. Hakuna aliyehitaji kusoma ili kuipanda. Anayesema kwamba matunda yetu yalienea bila vitabu anasema kweli, na ukweli huo ndio unaoeleza kwa nini vitabu havikuandikwa.

Hata hivyo maelezo haya yana mipaka, na mpinzani makini atayaona. Si kila tunda la Pwani hujirudia kwa mbegu. Balungi lina kiinitete kimoja, na vivyo hivyo embe nyingi zenye asili ya India, ambazo zilifika kwetu kwa njia ya biashara ya bahari. Katika aina hizo kila mbegu ni bahati nasibu, na bila shaka embe nzuri zimezaliwa mara moja na kufa na mti wake. Tena mbegu, hata ile iliyo mwaminifu kabisa, hurudisha tunda peke yake. Haibebi maarifa ya kulitumia. Kokwa halisemi kwamba embe fulani lichumwe likiwa changa kwa ajili ya achari, jingine litiwe bichi katika mchuzi wa samaki, na jingine lisiguswe mpaka liive kwa sababu nyuzi zake huharibu chochote isipokuwa juisi. Halisemi ni mbirimbi ngapi zinatosha kuchachusha chungu, wala lini shelisheli hufaa kuchemshwa na lini hufaa kukaangwa, wala kwamba shina la mwembe mkubwa huchongwa mtumbwi. Maarifa hayo yalitunzwa na mikono na vinywa vya watu, hasa wanawake, na yalikaa salama maadamu mama na binti walipika katika jiko moja na kuchuma katika mti mmoja.

Vitabu vilipofika hatimaye, vilifika kwa kuhitajiwa na watu wengine. W. W. A. Fitzgerald, aliyeipima rutuba ya Pwani, Unguja na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1890, alichapisha mwaka 1898 kitabu kikubwa juu ya uwezo wa kilimo wa nchi hizo. Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, wakajaribu humo mamia ya mimea ya kigeni. Baadaye, chini ya Waingereza, P. J. Greenway alitoa kutoka Amani mwaka 1937 kamusi inayolinganisha majina ya mimea ya Kiswahili na ya kisayansi. Mwaka 1949 R. O. Williams, aliyekwisha fanya kazi kama hiyo Trinidad, alichapisha kitabu juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, ambacho bado ni hazina kwa mtafiti yeyote. Kazi hizi zinastahili heshima. Bila hizo tungekuwa na pengo kubwa zaidi. Lakini zilijibu maswali ya serikali na makampuni: nini kinaota hapa, nini kinauzika, mmea huu unaitwaje katika lugha ya sayansi. Ziliandikwa kwa lugha ambayo mwenye mti hakuisoma. Vijitabu vya Kiswahili vya kilimo bora vipo pia, na vimewafundisha wengi nafasi kati ya miche, mbolea na dawa za wadudu. Navyo hulitazama tunda mpaka linapopakiwa kwenye tenga, kisha huliacha. Upande wa pili, vitabu vya mapishi huanza na embe moja lisilo na jina la aina wala la mahali. Ibn Battuta aliliona tunda likiwa mtini na mezani kwa mtazamo mmoja. Fasihi yetu ya karne moja iliyopita imeligawa vipande viwili, na hakuna anayesimama katikati.

Mgawanyiko huo ungevumilika kama miti ingeendelea kujirudia kama zamani. Haiendelei. Tangu nusu ya pili ya karne ya 20 zimeingia Afrika Mashariki embe zilizochaguliwa Florida: Haden, Tommy Atkins, Kent, Keitt, Van Dyke. Hizi huenezwa kwa kubebesha, na mbegu za nyingi kati yake zina kiinitete kimoja, kwa hiyo hazirudishi mama. Hata embe za Pwani ya Kenya, kama Ngowe na Apple, leo hupandwa Makueni na Machakos zikiwa miche ya kubebesha iliyonunuliwa kitaluni. Miembe ya zamani nayo mara nyingi hukatwa matawi na kuungwa aina mpya juu ya shina lake, jambo lenye faida ya haraka kwa mkulima, ingawa ladha ya mti ule huondoka siku ile ile. Kwa maneno mengine, embe letu limeingia katika hali aliyokuwa nayo mkulima wa Herefordshire: ananunua jina, anasubiri miaka, na hana mahali pa kulinganisha alichopata na alichoahidiwa. Soko la mbali nalo lina kipimo chake. Tommy Atkins limeenea kwa kuvumilia safari na kukaa muda mrefu bila kuoza. Hizo ni sifa za kweli, na mkulima anayezifuata hastahili lawama. Lakini sifa ya embe linalofaa achari haimo katika kipimo hicho, na mti usiopimwa kwa kazi yake ndio wa kwanza kukatwa.

Wapo watakaosema kwamba kitabu si tiba, kwa kuwa vitabu hukosea na huwafikia wachache. Knight alikosea jambo kubwa. Ndiyo, lakini aliandika waziwazi, kwa hiyo waliomfuata waliweza kumpinga na kumsahihisha, huku picha zake zikibaki na thamani. Kosa la mdomo halina wa kulisahihisha kwa sababu halina mahali pa kulikuta. Na nakala 600 za Herefordshire zilitosha kuokoa majina ya wilaya nzima, kwa kuwa kitabu cha namna hii hakihitaji kuwa katika kila nyumba. Kinahitaji kuwapo mahali ambapo mwenye kitalu, mwalimu na bwana shamba wanaweza kukifikia. Wengine watasema kwamba leo vipimo vya vinasaba vinatosha. Vipimo hivyo vinaweza kuonyesha kwamba mwembe wa Pemba na mwembe wa Lamu ni aina moja. Haviwezi kusema kila mji unauitaje wala unaupikaje, na havina maana mpaka pawe na mti unaojulikana wa kulinganisha nao. Wengine watasema wazee wapo, waulizwe. Ni kweli wapo, na ndiyo sababu kazi hii haifai kungoja: mjukuu aliyehamia mjini na kununua achari ya chupa dukani hana tena sababu ya kuuliza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa karne nyingi matunda ya Pwani yaliweza kuepuka hukumu hiyo kwa sababu kokwa lilikuwa daftari. Kitabu tunachokihitaji sasa kifuate njia iliyokwisha thibitika: kila aina ichorwe au ipigwe picha ikiwa mbichi na ikiwa mbivu, na kokwa lake lipasuliwe na kuonyeshwa, yaandikwe majina yake yote, ya Unguja, ya Mombasa, ya Lamu, ya Muheza, bila kulifuta hata moja, ielezwe kama hujirudia kwa mbegu au hutaka kubebeshwa, itajwe mahali ulipo mti unaojulikana. Kisha, katika ukurasa ule ule, iandikwe kazi yake jikoni kwa maneno ya wanaoifanya, wakitajwa kuwa waandishi wenza kama walivyotajwa wachoraji wa Hereford. Na kiwe kwa Kiswahili, kwa sababu wenye miti hiyo na wenye maarifa hayo wanazungumza Kiswahili, na wao ndio watakaoweza kusema pale kilipokosea. Vyuo vya kilimo, idara za Kiswahili na vikundi vya akina mama wajasiriamali wa achari na jamu tayari vina kila ujuzi unaotakiwa, ila kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Kuwakutanisha hakuhitaji teknolojia mpya wala fedha za ajabu. Kunahitaji tukubali kwamba embe la nyuma ya nyumba lina historia inayostahili kuandikwa kwa uangalifu ule ule ambao Pwani iliwapa wafalme na mashujaa wake.